Kisima Kisichotajwa Jina

Agosti 12, 1962

Mukan, msimamizi wa klabu ya kijiji, amenipa daftari. Anataka niandike habari za kufyeka nyasi, azibandike ukutani klabuni, kwa sababu mimi kusema mbele za watu siwezi, ulimi unanata. Amesema, "Beken, wewe una macho tu, mdomo huna. Andika basi." Shule niliacha darasa la nne nikaenda kwa kondoo. Nitaandika ninavyojua. Ukutani sipeleki.

Leo Mukan alikuja na farasi mpaka tunapofyeka. Akatangaza kwamba wenzetu wawili wako angani kwa wakati mmoja, kila mtu na chombo chake, na Wamarekani hawajaweza kitu kama hicho. Watu wakaegemea miundu wakatazama juu. Hakuna kitu, jua tu na mwewe mmoja.

Baba akauliza, "Wanakula nini huko?"

"Chakula cha kukamua, mzee. Kama dawa ya meno."

"Na haja wanaendea wapi?"

"Hiyo ni siri ya serikali," akasema Mukan, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Shemeji Raihan ndiye aliyeleta chai. Mimba imeanza kuonekana. Mama hataki mtu aizungumze. Mtoto wa kwanza wa Raihan alizaliwa hakulia. Wa pili alilia, lakini kichwa chake Mama alikifunika kwa kitambaa haraka haraka, baba yake mwenyewe hakuonyeshwa. Huyu ni wa tatu. Kaka yangu Jumakan, mume wake, yuko mbali na mashine za kuvuna ngano. Kabla hajaondoka alinishika bega akasema, "Mtazame." Hakuniambia nimtazame vipi.

Agosti 13

Nyasi. Upepo wa kusini. Mzuri.

Agosti 16

Wale wawili wameshuka salama. Redio imesema wameshuka kwenye nyika hii hii yetu ya Kazakhstan, ingawa mbali na kijiji chetu, Karasai. Mama akasema, "Kila kitu chao lazima kituangukie sisi."

Agosti 25

Asubuhi lori la jeshi. Luteni mpya, kijana, shingo imebabuka kwa jua. Alisema yale yale wanayosema kila mara: tokeni nje, madirisha na milango iacheni wazi, zimeni majiko, laleni mtaroni kifudifudi, msitazame kaskazini. Kaskazini ndiko kwenye Poligoni, uwanja wa jeshi wa kujaribia mabomu. Hatujawahi kufika, hakuna anayefika, lakini tunajua kuliko luteni, maana yeye kaja mwaka huu na sisi tunalala mtaroni tangu nikiwa na meno ya utoto.

Raihan hawezi tena kulalia tumbo. Alilala ubavu, Mama akamfunika kwa zulia la manyoya, kisha yeye mwenyewe akalala juu ya zulia. Luteni akapiga kelele kwamba hairuhusiwi kulaliana. Mama akajifanya hajui Kirusi.

Halafu mwanga. Nilifumba macho, nikaweka na mkono, lakini uliingia tu, mwekundu. Ardhi ikatikisika kama ngozi ya farasi anayefukuza nzi. Sauti ilikuja baadaye, ikapita juu yetu, ikarudi kutoka milimani. Vyombo nyumbani vilianguka vyote. Lile wingu silielezi, kila mtu hapa amewahi kuliona.

Baba alisimama wa kwanza, na mguu wake mbovu wa vita. Akageuza shavu. "Upepo wa kusini," akasema. "Umewarudishia wenyewe."

Mama akasema, "Na upande ule nako kuna watu."

Raihan alikaa mtaroni, mkono tumboni, anasikiliza kwa vidole. Muda mrefu. Kisha akaniangalia akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, mtoto amecheza.

Agosti 26

Nimeokota vipande vya vioo vya madirisha.

Septemba 2

Mkutano klabuni. Mukan ana ramani, Amerika imepakwa bluu na sisi nyekundu. Akasema mabepari wana mabomu mengi, ndiyo maana na sisi lazima tuwe nayo, tena makubwa zaidi, na ile inayompeleka mtu angani na ile inayobeba bomu ni roketi moja. Hiyo sikuwa naijua. Nilidhani ni vitu viwili.

Bibi Zeinep, jirani yetu, akanyanyua mkono. "Mukan mwanangu, hilo bomu ni la Mmarekani?"

"La kumtisha Mmarekani, bibi."

"Sasa mbona mnalipiga hapa? Yeye anasikia?"

"Tunafanya mazoezi."

"Juu ya paa langu?"

Watu wakacheka. Mukan naye akacheka, akasema mwanga ule hauna madhara ukifuata maelekezo, ni kama radi tu. Mke wake na watoto hawakuwepo. Akasema wana mafua.

Kucheka kwa watu kulikuwa kufupi.

Septemba 9

Mvua ndogo. Mama amekataza tusinywe maji ya paa. Ng'ombe wamekunywa.

Septemba 20

Nakwenda kwenye malisho ya vuli na kondoo, peke yangu. Kwenye Kisima cha Taubai. Taubai ni Baba. Alikichimba kabla ya vita, na jina likabaki, mpaka kwenye ramani za jeshi limo.

Raihan ndiye peke yake ambaye halitaji. Bibi arusi hapa kwetu hataji majina ya wakwe zake mpaka afe, na Raihan amelelewa vizuri. Si jina la Baba tu: kwa kuwa *tau* kwa lugha yetu ni mlima, hata mlima hasemi. Husema "kule juu". Baba ni "Mzee wa Juu". Mimi ananiita "Bwana Kimya". Kaka ni "Mwenye Nyumba". Wanawake wanamchokoza kila siku. Leo Bibi Zeinep ameniona natoa kundi, akamwuliza kwa makusudi, "Raihan, hivi kondoo hawa ni wa nani?"

"Wa Mzee wa Juu."

"Juu mbinguni?"

"Hao wa mbinguni ni wa Mukan. Hawa wetu wanakula nyasi."

Nilicheka njia nzima. Alinifungia mfuko wa mikate ya kukaanga na jibini kavu. Akasema, "Bwana Kimya, ukirudi nitakuwa mnene kama jiko."

Septemba 21

Kisimani. Majani mazuri. Upepo hakuna.

Septemba 23

Kondoo mmoja kavunjika mguu. Nimemfunga.

Septemba 25

Upepo umeanza. Wa kaskazini.

Oktoba 1

Naandika nikiwa nyumbani, kwenye kibanda cha nyasi. Siingii ndani. Nitaeleza.

Tarehe ishirini na saba, asubuhi, nilikuwa nanywesha kondoo. Nilisikia ndege, mbili, moja nyuma ya nyingine, juu sana. Baada yake kimya. Hata panzi walinyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia. Kila mara kabla ya mwanga lori hutukuta popote, hata malishoni, na mimi lori sikuliona. Nikasema basi si leo. Nikasema serikali haiwezi kunisahau, ina karatasi.

Halafu mbwa akaingia chini ya birika la mawe la kunyweshea kondoo, na mimi nikajua.

Nilifikiria kushuka kisimani. Kamba ilikuwepo. Lakini maji yale yananywewa na watu, Baba ametufundisha tangu utoto kwamba miguu haiingii kwenye maji ya kunywa, na mpaka nawaza hivyo nilikuwa nimeshachelewa. Nikajitupa nyuma ya birika.

Mtaroni ukilala na wenzako mwanga unawaka kwa wote. Peke yako unakuja kwako tu. Shingo yangu ilipata moto kama mtu amenifungulia mlango wa tanuri. Nilisikia harufu ya manyoya yaliyoungua, nikadhani ni kondoo, kumbe ni kofia yangu. Kisha ardhi, kisha sauti, nayo ilinibeba, nikaenda kugonga birika kwa bega. Kondoo walianguka wote pamoja. Wengine wakaamka. Ndege wadogo wale wa kwenye nyasi walikuwa wanatembea chini, wanagongana, hawaoni.

Wingu nililitazama. Sikupaswa. Lilikuwa linapanda, na kichwa chake kilikuwa kinainama kuja kwangu, kwa sababu upepo ulikuwa wa kaskazini.

Jioni lilianza kuanguka vumbi. Laini kama unga wa mwisho wa chekecheo. Mdomoni lina ladha ya chuma, kama umelamba kisu. Nilijifunika koti la ngozi nikangoja lori. Nilingoja usiku, nikangoja na asubuhi. Hakuna aliyekuja. Nikaanza kuamini kwamba Karasai haipo tena, kwamba bomu safari hii limeanguka kwao na mimi ndiye niliyebaki. Nililia kidogo. Nilikunywa maji ya kisima, nilikuwa na kiu.

Nikawaswaga kondoo waliobaki kurudi nyumbani. Njia nzima natazama mbele kama nitaona moshi. Nikauona. Moshi wa samadi, wa majiko. Raihan alikuwa mlangoni. Aliponiona akaketi chini pale pale.

Ni Mama aliyenieleza. Siku ile Baba alikwenda kutoa farasi, Mama alikuwa anamsaidia Bibi Zeinep, na luteni akamkuta Raihan peke yake. Akamwuliza nani hayupo. Akamjibu, shemeji yangu. Yuko wapi? Kirusi anakijua, amesoma mpaka darasa la saba. Akamjibu, "Na kondoo, kwenye kisima cha juu."

Na kipo. Kisima cha Juu kipo kwenye ramani, upande mwingine kabisa, chini ya miamba. Lori likaenda huko. Hawakukuta mtu. Wakarudi wakasema kijana ameshakimbia mwenyewe.

Mama alipomaliza, Raihan alisema bila kuinua uso, "Jina lilikuwa hapa," akajigusa koo. "Luteni alikuwa mbele yangu na ramani yake, na jina lilikuwa hapa. Nikasema lile lingine. Nimelizoea."

Mimi nilitaka kumwambia si kosa lake. Ulimi ulinata.

Baba alikuwa amekaa na buti mkononi. Mama akasema, "Mkwe mwenye adabu. Nani anaweza kumlaumu." Alisema kama anamlaumu. Baba akavaa buti akatoka.

Oktoba 3

Natapika. Nalala kibandani. Nimeona vumbi likitoka kwenye mkunjo wa koti langu nilipolikung'uta, na pale pale Raihan anapita na ndoo. Nikamfanyia ishara arudi. Akadhani nimemkasirikia. Ameweka chakula kwenye jiwe akaondoka.

Oktoba 5

Wamekuja watu wa kliniki kutoka mjini, makoti meupe, mmoja na kisanduku kinacholia kama panzi. Walipokisogeza kwenye koti langu panzi walikuwa wengi mpaka sauti ikawa moja. Wakalichukua koti kwa vijiti. Baba akauliza, "Ana nini?"

"Homa ya kondoo, mzee."

"Nimefuga kondoo maisha yangu yote. Sijaona homa ya kondoo inayolia kwenye sanduku."

Yule daktari alimtazama Baba vizuri, si kwa dharau. Akasema taratibu, "Mzee, mimi nimeandika homa ya kondoo." Kisha akamtazama Raihan, tumbo, akageuka haraka. Mimi niliona kule kugeuka. Baba naye aliona.

Oktoba 8

Nywele zinatoka nikizishika. Kondoo nao, mabaka mabaka. Tunafanana.

Oktoba 12

Kaka Jumakan amerudi, na yeye na Baba wamegombana. Ni mara ya kwanza nimemwona Kaka akimpandishia Baba sauti.

Alisema, "Nampeleka kwa wazazi wake, kule kusini. Azalie huko."

"Mwanamke wa nyumba hii hajawahi kuzalia kwa wazazi wake. Watu watasema tumemfukuza."

"Waseme."

"Watasema mtoto si wetu."

"Baba, wawili tumezika hapa. Hao ni wetu?"

Mama akaacha kukanda. Baba alichukua fimbo yake, nikadhani atampiga, lakini aliishika tu. "Nilipigana mpaka nikafika Ujerumani," akasema. "Serikali ninayoijua haiwezi kuwaua watu wake yenyewe. Ingekuwa hatari, wangetuhamisha. Mukan yuko hapa na watoto wake. Chama kiko hapa. Sisi ni nani tukimbie?"

Raihan alikuwa nyuma ya pazia. Bibi arusi haingilii maneno ya wakwe. Nilikuwa naona vidole vya miguu yake chini ya pazia, vimejikunja.

Oktoba 13

Upepo wa kaskazini.

Oktoba 14

Kaskazini.

Oktoba 17

Raihan ameniambia mtoto anacheza kidogo siku hizi. Ameniambia mimi kwa sababu sisemi. Nilisimama mbali, sasa nasimama mbali naye daima. "Bwana Kimya," akasema, "unaniogopa au unanichukia?" Nikamwonyesha nguo zangu, nikaonyesha angani, nikaonyesha tumbo lake. Akaelewa. Akafunika uso kwa kitambaa, akacheka au akalia, sikujua.

Oktoba 24

Redio. Kuna kisiwa mbali sana, kinaitwa Kuba, sisi tumepeleka roketi huko na Wamarekani wamezungusha meli zao za vita. Klabu imejaa mpaka nje. Mukan hakuleta ramani. Hakutania. Bibi Zeinep akamwuliza, "Mazoezi yamekwisha sasa, mwanangu?" naye akasema, "Sijui, bibi." Sijawahi kumsikia Mukan akisema sijui.

Watu wanachimba. Kila nyumba inachimba shimo, ingawa mitaro tunayo. Barabara imewekwa askari.

Oktoba 25

Baba amenituma kwa Mukan kuazima mafuta ya taa. Nilibisha hodi, nikaingia. Mukan alikuwa mezani na koti lake, jiko halijawashwa. Nikatazama. Hakuna nguo za mtoto kwenye kamba. Kitanda cha mtoto hakipo, pale kilipokuwa sakafu ina rangi nyingine. Kwenye misumari ipo kofia moja tu, ya mwanaume.

Akaona ninavyotazama. "Hawana mafua," akasema. "Wako kwa dada wa mke wangu, mbali. Tangu Agosti. Nilisoma karatasi moja ambayo haikuwa yangu kuisoma." Akajaza mafuta ya taa, yakamwagika. "Ningewaambia watu, Beken, ningekuwa wapi leo? Na wangekwenda wapi wao? Wewe nenda ukaniandike ukutani."

Mwaka mzima nimemwona mjanja. Leo nimemwona mtu anayelala na koti kwa sababu hana wa kumwashia jiko. Na bado nilitaka kumpiga.

Nilipofika nyumbani wote walikuwa wanakula. Nilisimama mlangoni. Sikuvuka kizingiti.

"Mukan," nikasema. Ulimi ukanata. Wakaacha kutafuna. "Mukan amempeleka mkewe. Na watoto. Tangu Agosti."

"Nani kakwambia?" Baba akasema.

"Yeye. Kitanda cha mtoto hakipo."

Nadhani nilisema maneno mengi kuliko niliyosema mwaka huu wote. Niliwaambia kuhusu karatasi, na daktari alivyogeuka, na kwamba mtoto anacheza kidogo. Raihan akainua uso aliposikia hilo la mwisho, maana lilikuwa siri yake. Kaka akasimama.

Baba aliendelea kukaa. Alichukua kipande cha mkate, akakirudisha. Yule aliyefika Ujerumani sikumwona pale. Nilimwona mzee aliyebeba majeneza mawili madogo chini ya kwapa, moja mwaka juzi na moja mwaka jana, akawaambia watu ni mapenzi ya Mungu.

"Upepo wa leo wa wapi?" akauliza.

"Kaskazini."

"Fungeni farasi kwenye mkokoteni."

Oktoba 27

Tumekwenda na kurudi. Mukan alitoa kibali bila kuulizwa sababu: nyumba ya Taubai, kwenda kituo cha reli. Mimi niliendesha, mbele, upepo usimpelekee vumbi langu. Raihan na Kaka nyuma, Baba juu ya farasi wake.

Njia panda kuna kizuizi. Askari walikuwa vijana, wamechoka, wanaogopa kama sisi. Siku hizi anayesafiri ni mkimbizi au mpelelezi. Mkubwa wao akasoma kibali, akatuambia tunyamaze wote, akamwuliza Raihan peke yake.

"Wewe mkwe wa nani?"

Kaka akafungua mdomo. "Sijakuuliza wewe," askari akasema.

Raihan alitazama karatasi mkononi mwa askari. Baba alikuwa hapo hapo, pua ya farasi wake inagusa gurudumu. Hakuna bibi arusi wa ukoo wetu aliyewahi kutaja jina la mkwe mbele yake, hata mwendawazimu hafanyi. Nikafikiri atasema Mzee wa Juu, na tutarudishwa.

"Wa Taubai," akasema.

"Nani?"

"Taubai. Taubai mwana wa Kenjebek, wa Karasai. Mume wangu ni Jumakan. Huyu anayeendesha ni Beken." Uso ulikuwa mweupe na sauti ilikuwa kubwa, kama anatema miiba mmoja mmoja. "Na kisima chetu kinaitwa Kisima cha Taubai. Andika."

Askari hakujua amepewa nini. Akanyanyua kizuizi.

Baba alikuwa anakaza mkanda wa tandiko ambao haukulegea. Tulipofika mbali akasogeza farasi karibu yangu.

"Beken. Kuna mtu aliniita pale?"

"Sikusikia, Baba."

"Mimi pia sikusikia."

Kituoni treni ilikuwa imejaa wanajeshi, lakini wakampisha kwa sababu ya tumbo. Kaka amekwenda naye. Raihan hakuniaga kwa mkono, alikumbuka vumbi langu. Aliinama dirishani tu akasema jina langu tena, la kweli. Sijalizoea kinywani mwake.

Oktoba 29

Wamepatana. Roketi zitaondolewa kisiwani, meli zitarudi. Watu wamecheza klabuni, Bibi Zeinep amempiga Mukan busu la paji la uso. Baba amechinja. Tumekula nyama ya shukrani, na Mama amemwekea Raihan kipande kama kwamba yupo.

Novemba 4

Lori la jeshi asubuhi. Fungueni madirisha, zimeni majiko.

Mama akamwuliza luteni kwa Kirusi kizuri kabisa, "Si mmepatana?"

Luteni akasema, "Hii haihusiani."

Tukalala mtaroni. Nafasi ya Raihan ilikuwa tupu kati yangu na Mama, na hakuna aliyesogea kuijaza.

Novemba 11

Theluji ya kwanza. Mama ameikusanya ya kuyeyusha kwa chai, halafu akaimwaga, halafu akaikusanya tena. Mto nao hupata vumbi lile lile.

Novemba 18

Mwanga tena. Upepo wa kaskazini. Kutoka kwa Kaka hakuna habari.

Novemba 19

Nywele zimeanza kurudi, nyembamba. Mama ananitafutia mke. Nimemwambia asubiri tujue kwanza. Hakuniuliza tujue nini.

Novemba 30

Hakuna habari.

Desemba 3

Hakuna. Baba anatoka nje mara nyingi, anasema anatazama farasi.

Desemba 7

Mchana tuliona mpanda farasi anakuja kutoka kusini, theluji mpaka tumbo la farasi. Nilimjua kwa kofia: Askat, mdogo wake Raihan.

Kwetu mwenye habari njema haji mlangoni kimya. Anaanza kupiga kelele akiwa mbali, *suyinshi*, *suyinshi*, ndiyo kusema nipeni zawadi nami niwape habari. Mwenye habari mbaya ndiye anayekuja kimya, anashuka, anafunga farasi kwanza.

Askat alikuja kimya. Akavuka mto kimya. Akapita mazizi ya Bibi Zeinep, kimya. Mama akaketi kwenye theluji. Baba alisimama na fimbo, na mimi nilikuwa natazama mdomo wa yule kijana, kitambaa kimemfunika mpaka pua.

Akashuka. Akafunga farasi. Akashusha kitambaa. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeomba radhi, "Suyinshi."

Hakuna aliyesogea.

"Mbona hukuita tangu mbali?" Baba akasema. Sauti yake haikuwa yake.

"Kwetu siku hizi hawaiti, mzee, mpaka mtoto akaguliwe. Walimkagua ndipo nikatumwa. Lakini njiani nikaogopa. Nikasema nikiita halafu kumbe kuna kitu hawakukiona?"

"Nani alimkagua?"

"Mama yangu. Mkunga. Na Jumakan mwenyewe, alimvua nguo zote akamgeuza karibu na taa."

"Vidole?"

"Vyote."

"Kichwa?"

"Kichwa cha mtoto tu, mzee. Kina nywele."

"Analia?"

"Hatulali. Ni msichana."

Mama alikuwa anacheka na machozi, pale pale chini. Baba akavua koti lake la ngozi ya mbweha, lile la harusi yake, akamvika Askat, akabaki na shati kwenye baridi ile. Akamwambia achague na farasi. Askat akasema koti linatosha. Baba akasema, "Chagua na farasi, nimesema."

Ndani Mama hakunyamaza: siku arobaini za mtoto, nani aalikwe, na siku gani tukamlete nyumbani kwao. Askat anakula, Mama anapanga. Baba alikuwa anamtazama Mama, hamkatizi.

Desemba 8

Askat ameondoka asubuhi na farasi wa pili nyuma yake. Mimi na Baba tulimsindikiza mpaka mtoni. Mama amempa nguo za mtoto na amesema mara kumi kwamba tutakuja kumchukua theluji ikiyeyuka.

Mtoni Baba akashika hatamu za Askat.

"Mama yake Jumakan atatuma watu," akasema. "Pengine hata mimi, nikizeeka nikawa na upweke, nitatuma. Mwambie Raihan asije. Mwambie hata nikimwita kwa mdomo wangu mwenyewe, asije."

Askat akasema, "Akiuliza nani kasema?"

"Mwambie Taubai."